Dari Ukishaifunga Si Yako Tena

Wanangu mafundi, na nyinyi mnaojiita makandarasi kwa sababu mmechapisha kadi, mmeniandikia mara nyingi kuniuliza nilipataje pesa zangu Guangzhou. Kabla sijawaambia nilivyozipata, acha niwaambie nilivyokamatwa nikishuka ngazi za umeme huku nimekumbatia choo cha kukaa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ndani ya jengo la maduka ya nguo pembeni ya Barabara ya Zhanqian. Saa hiyo jengo limefurika. Wakenya wanagombania bei ya suruali kwa Kichina cha vidole, Watanzania wenzangu wanahesabu marobota, na mikokoteni inakukanyaga visigino bila kuomba radhi. Katikati ya watu wote hao ninashuka mimi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Iringa, muumini mzuri tu wa Kilutheri, nimebeba choo cheupe kipya, mfuniko unanipiga kidevuni kila ngazi ikitikisika.

Walinzi wawili walikuwa wananisubiri chini. Mmoja, kijana mwenye adabu zake, akaniita ayi, ndiyo shangazi.

"Ayi, hiki umekinunua duka gani?"

"Sijakinunua. Ni changu. Nimekifunga mimi mwenyewe ghorofa ya pili."

"Kama umekifunga," akasema, "mbona umekifungua?"

Nikakikumbatia zaidi. Polisi akaja, akapiga picha ya choo, akanipiga na mimi picha pembeni ya choo, kisha akanipandisha juu nikakifunge tena. Nikakifunga. Akavuta maji kuhakikisha. Kazi yangu ilikuwa nzuri, hakikuvuja hata tone. Nilijisikia fahari kwa nusu dakika, kisha nikakumbuka kwamba nimekifunga mara mbili na sijalipwa hata mara moja.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mimi nilisomea useremala, nikaenda China kununua magauni, kwa sababu kila mtu alikuwa anaenda China kununua magauni. Magauni yangu yalifika Mwanza yakiwa na zipu mgongoni na zipu nyingine kifuani, hakuna mwanamke aliyejua aingilie wapi. Biashara ikafa. Lakini nilikuwa nimeona kitu: kila Mwafrika aliyefungua ofisi ya kago au fremu ya nguo kule alikuwa analalamika kwamba mafundi hawamwelewi. Nikawa mtu wa katikati, kisha nikawa msimamizi wa kazi, na mwisho tukaungana na Chen Jie.

Jie ni dada mkubwa. Chen Jie ni fundi umeme kutoka Hunan, mwembamba kama waya wake, na hajawahi kucheka kabla ya kulipwa. Kampuni ya mapambo ya ndani ilikuwa yake, leseni yake, muhuri mwekundu wake. Mimi nilikuwa nimeajiriwa humo kihalali kusimamia saiti na kuleta wateja. Kwa Kiswahili alijua maneno mawili tu, "pesa kwanza", na aliyatamka vizuri kuliko watu wengi wa pwani.

Tulifanya kila aina ya kazi. Shisanhang, kule kwenye soko la zamani la nguo, fremu ni nyembamba mpaka niliwahi kumfungia mteja rafu nzuri sana, tulipomaliza tukagundua rafu imeingia lakini yeye mwenyewe haingii. Ilibidi tumkate. Rafu, namaanisha. Makosa ya namna hiyo yanachekesha na yanarekebishwa kwa msumeno. Kosa nililolifanya kwa Shemasi Festo halikurekebishwa na msumeno.

Shemasi Festo alikuwa Mtanzania mwenzetu. Alitaka mgahawa wa chakula cha nyumbani na ofisi ya kago chini ya dari moja, ghorofa ya pili ya jengo hilo la choo. Alikuwa amepanga tu, jengo lenyewe ni la mtu mwingine. Tulipokutana alifungua kikao kwa sala. Tulipofika kwenye bei alifunga macho nikadhani anahesabu, kumbe anasali tena.

"Dada yangu katika Bwana," akaniambia, "mimi na wewe tukiandikishana mikataba kama watu wasiojuana, tutakuwa tumemweka nani katikati yetu?"

Nikaona aibu. Chen Jie alikuwa amekaa pembeni na karatasi ya mkataba mkononi. Akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema mkataba hauhitajiki, sisi ni ndugu."

"Ndugu wa tumbo moja?"

"Wa kanisa moja."

Chen Jie akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akasema, "Meimei, mteja ni wako. Nakuamini wewe." Meimei maana yake mdogo wangu. Hakusema anamwamini Shemasi. Hilo nililielewa baadaye sana.

Tulifanya kazi nzuri. Dari ya jipsamu yenye taa zilizozama, marumaru, nyaya mpya zote, mabomba ya jikoni, feni za kutoa moshi. Advansi ilikuwa ndogo, na mafungu yaliyofuata yalikuja kama ujumbe wa sauti kwenye simu. Kila nikidai, natumiwa sala. Tukamaliza wiki mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, wakati ambao kila fundi anataka kurudi kwao na ujira wake wote mfukoni. Tulikuwa na mafundi tisa. Shemasi akasema salio ni wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, yeye alikuwa Dar es Salaam, na simu yake ilikuwa mahali pasipojulikana.

Mafundi tisa walisimama ofisini. Mmoja alikuwa ameshanunua tiketi ya treni. Chen Jie aliwaangalia, akaingia benki, akatoa akiba yake mwenyewe, akawalipa wote. Akiba hiyo ilikuwa ya kumfanyia mama yake upasuaji wa macho. Hakuniambia. Niliambiwa na yule mwenye tiketi.

Wakati huo mwenye jengo, Huang Laoban, alikuwa ameshafunga mgahawa kwa kufuli kwa sababu ya kodi. Laoban ni bosi, kule kila mwenye meza na kikokotoo anaitwa laoban, lakini huyu alikuwa wa kweli, mwenye jengo zima. Nikampigia. Akasema mpangaji amekimbia, kilichomo ndani ni chake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina ufunguo wa mlango wa nyuma, na hapo ndipo hadithi ya choo ilipozaliwa.

Chen Jie alikuja kunichukua kwa polisi. Tulitembea mpaka kituo cha basi cha Liuhua. Tulipokaa akasema:

"Kati ya vitu vyote mle ndani. Choo?"

"Ndicho nilichoweza kubeba."

"Dari je? Dari ndiyo ghali."

"Dari huwezi kuibeba, Chen Jie. Ukiing'oa inakuwa vumbi."

"Basi," akasema, "tatizo letu ndilo hilo. Umelijua leo, kwa choo."

Wanangu, hapa ndipo mshike kalamu. Muuza nguo asipolipwa, hautoi mzigo, anaukalia. Sisi tunaofunga vitu kwenye kuta za watu hatuna cha kukalia. Ukishapiga skrubu ya mwisho, kazi yako imekuwa mali ya mwenye ukuta, na wewe umebaki na bisibisi. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zimemwekea mjenzi kinga ya peke yake. Mimi nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka mingi nikidhani kinga yangu ni tabasamu.

Tukaenda kwa wakili, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, ofisi yake ina harufu ya supu. Akatueleza taratibu.

"Sheria ya hapa inasema hivi. Mjenzi asipolipwa, anampa mwenye kazi onyo la maandishi na muda wa kutosha. Akipuuzwa, anaweza kuiomba mahakama jengo liuzwe, na yeye alipwe kwanza kutokana na bei yake. Hata kabla ya benki."

Nilisimama. "Basi tuliuze!"

"Kaa chini, ayi. Nani aliwapa kazi?"

"Shemasi Festo."

"Jengo ni la Shemasi Festo?"

"Hapana. Amepanga."

"Sasa utauza nini? Shemasi?"

Chen Jie akasema kwa upole kwamba bei yake haitafika.

Wakili akauliza kuhusu mkataba. Nikamtolea simu. Alikuwa na mkalimani wake, wakasikiliza ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, na masikini yule mkalimani akatafsiri sala mchana kutwa, mpaka mwisho alikuwa anaitikia amina bila kuulizwa. Tulikuwa tumekata tamaa tulipofika kwenye mmoja ambao Shemasi alisahau kusali: "Dada, kazi nimeikagua, nimeipokea, ni nzuri. Salio lenu wiki ijayo." Wakili akapiga meza. Huo, akasema, ni uthibitisho kwamba kazi imepokelewa na deni lipo. Usiufute, uuhifadhi mahali patatu. Mkitaka tumshtaki, tutamshtaki. Ila mtu akiwa nje ya nchi na hana mali hapa, hukumu utaitundika ukutani.

Kwa hiyo kwa Shemasi tulishinda kesi na hatukupata kitu. Nasikia siku hizi anaendesha semina za uadilifu.

Kilichotuokoa hakikuwa mahakama safari hiyo. Baada ya miezi mitatu Huang Laoban alipata mpangaji mpya, na wakaguzi wa usalama wa moto wakataka michoro ya nyaya zilizopita juu ya dari, pamoja na saini ya fundi aliyezifunga. Dari imefungwa, huoni kitu. Michoro alikuwa nayo mtu mmoja duniani. Huang akapiga simu.

"Chen, nitumie ile michoro."

"Mei you," akajibu Chen Jie. Hakuna. Kama mmewahi kuomba punguzo sokoni mnalijua neno hilo na mlango unaofuata nyuma yake.

Akapiga tena. Mei you. Mara ya tatu akaja mwenyewe, na boksi la majani ya chai. Mimi nilipoona chai moyo ukalainika, nikaanza kutabasamu. Chen Jie akanikanyaga chini ya meza. Hakupandisha sauti. Akamwambia Huang kwamba kazi ameipata bure, mpangaji amempata kwa sababu ya kazi hiyo, na mafundi tisa walilipwa na macho ya mama yake. Huang akasogeza boksi la chai pembeni. Akauliza ujira wa mafundi ulikuwa kiasi gani, na akalipa huo, si zaidi. Kisha akasema ana ghorofa ya tatu nzima anataka igawanywe kuwa fremu ndogo. Akanyoosha mkono tupeane.

Niliupokea mkono, nikautikisa kwa furaha. Chen Jie akaweka mkataba mezani.

"Na kampuni inayomiliki jengo," akasema, "siyo na wewe binafsi. Muhuri mwekundu kila ukurasa. Tarehe ya kila fungu la malipo."

"Huniamini, Chen?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nimeleta kalamu mbili."

Safari hii niliandika kila kitu. Kila hatua ikiisha, nilimfuata msimamizi wa Huang nikiwa na fomu ya makabidhiano, naye aliandika jina, tarehe, na kugonga muhuri, hata kama alikuwa anakula. Mabadiliko madogo, mlango kuhamishwa, soketi kuongezwa, nilitaka maandishi kabla ya kugusa ukuta. Mafundi wakaniita Mama Karatasi. Nilikubali jina, lilikuwa zuri kuliko lile la mwanzo, la Mama Choo.

Mafungu matatu yalilipwa kwa wakati. La nne likachelewa. Nikienda, Huang anasema mingtian, yaani kesho, na kesho yake anasema mingtian. Kisha asubuhi moja wapangaji wote walikusanyika mlangoni wakitazama karatasi iliyobandikwa: benki ilikuwa imemkopesha Huang kwa dhamana ya jengo, hajalipa, na inataka jengo liuzwe. Mama mmoja wa Mombasa, mwenye fremu ya viatu, alinishika mkono akauliza kama sasa tumekwisha. Nilimwambia sijui. Kwa kweli nilidhani tumekwisha. Benki ni benki, nikawaza, sisi ni watu wa bisibisi.

Jioni Huang alituita ofisini kwake. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Mezani kulikuwa na karatasi moja tu.

"Kuna benki nyingine itanikopesha," akasema. "Ila wanataka nyinyi msaini kwamba mnaachia haki yenu ya kulipwa kwanza. Mkisaini nitapata mkopo, jengo litabaki, na nyinyi mtakuwa wa kwanza kulipwa. Naapa kwa mama yangu."

Na akalia. Wanangu, hakuwa anaigiza. Mtu huyu alikuwa ametupa kazi, alikuja kwenye msiba wa fundi wetu, alikuwa anazama mbele ya macho yetu. Nikachukua kalamu. Nilikuwa nimeshaanza herufi ya kwanza ya jina langu, ingawa saini yangu haikuwa hata na nguvu kisheria, kwa sababu muhuri ni wa Chen Jie. Nilitaka tu aache kulia.

Chen Jie akaichukua ile kalamu vidoleni mwangu, akaifunga, akaitia mfukoni. Kalamu yenyewe ilikuwa ya Huang.

"Huang Laoban," akasema, "ukipewa mkopo leo, utatulipa kesho asubuhi?"

"Kesho kutwa. Nina wengine wa kuwalipa kwanza."

Akashtuka mwenyewe aliposikia alichosema. Chen Jie akainuka, akamsogezea kikombe chake cha chai, tukatoka.

Kesho yake tulituma onyo la maandishi kwa posta yenye risiti, tukampa muda. Muda ukaisha. Wakili wetu mwenye miwani akahesabu kwa vidole: haki ile ina ukomo, isizidi mwaka mmoja na nusu tangu siku ambayo malipo yalitakiwa, na siku hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo hakuna wa kubishana nasi. Wapo makandarasi wenzetu waliokuwa wanamdai Huang kazi ya zamani. Walikuwa wamengoja kwa ustaarabu, mingtian baada ya mingtian, na walipofika mahakamani ustaarabu wao ulikuwa umepitisha muda.

Mahakamani wakili wa benki, mwenye suti ya kutisha, alisema mapambo ya ndani si jengo, ni vitu vinavyoweza kuondolewa, kwa hiyo hatuna haki juu ya bei ya jengo. Jaji akamgeukia Chen Jie, akamuuliza kama ni kweli vinaondoleka. Chen Jie alifikiri kidogo.

"Vinaondoleka," akasema. "Mwache bwana huyu akaviondoe. Ila azime umeme kwanza, sitaki kesi nyingine."

Hata mwandishi wa mahakama alicheka. Wakili wetu akatoa fomu zangu zote za makabidhiano, na muhuri wa mwenye jengo kwenye kila moja, zikajaza meza. Niliwatazama wakizipitia ukurasa kwa ukurasa, doa la mchuzi wa msimamizi likiwa bado lipo kwenye mojawapo. Tukakubaliwa. Jengo lilipouzwa mnadani, sehemu ya bei iliyotokana na kazi yetu ilitulipa sisi kwanza, benki ikafuata. Riba ya kuchelewesha haikuingia kwenye haki hiyo, hiyo mtaidai kwa foleni ya kawaida pamoja na wadai wengine, nasi bado tupo kwenye foleni. Huang alipoteza jengo, na siwezi kusema nilifurahi. Yule mama wa viatu aliendelea na fremu yake kwa mwenye jengo mpya.

Ujumbe wa benki kwamba pesa imeingia ulifika tukiwa tunakula tambi kwenye kibanda cha mtu wa Guangzhou, wale wanaopika bila viungo, supu nyeupe kama maji ya mchele. Simu ya Chen Jie ikalia. Akaisoma, akaigeuza kifudifudi mezani, akaendelea kula. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Kula kwanza." Alipomaliza bakuli akainuka, akaenda nyuma kunawa, akakaa huko muda mrefu mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama mwenzangu ni mgonjwa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanisukumia simu nisome.

"Pilipili yao kali," akasema.

Mtu wa Hunan huyo, anayekula pilipili kama sisi tunavyotafuna karanga. Nikaangalia ile supu nyeupe, nikapenga kamasi, nikamwambia ni kweli, leo wamezidisha.